Farasi hujengwa misuli kabla ya kupandwa

WAHENGA walisema punda afe lakini mzigo wa bwana ufike. Huenda methali hiyo ilimfaa mwenye mzigo, lakini haimfai hata kidogo mwenye farasi. Farasi aliyeharibika mgongo hamfikishi mtu popote, na gharama ya kumtibu yaweza kupita bei aliyonunuliwa.

Farasi wanaostaafu kutoka Uwanja wa Mbio za Farasi wa Ngong jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka wa 1954, hawaachi kazi kabisa. Baadhi yao huuzwa kwa shule za kufundisha upandaji, wengine huchukuliwa na wachezaji wa polo au wa kuruka viunzi, na wengine huishia mikononi mwa watu binafsi. Mnunuzi humwona mnyama mrefu, mwepesi na mwenye ngozi inayong'aa, akadhani kazi iliyosalia ni kumtia tandiko na kumpanda.

Baada ya miezi michache, farasi yuyo huyo huanza vituko. Hukataa kusimama anapoona tandiko, huuma mkono unaomfunga mkanda wa tumboni, hurusha mateke, au huchechemea ilhali hana jeraha lolote. Mwenyewe humwita mkaidi na kumchapa. Mara nyingi, hata hivyo, tatizo si ukaidi. Ni maumivu ya mgongo ambao haujapata misuli ya kumbeba mtu.

Misuli hiyo hujengwa mwanadamu akiwa amesimama chini, kamba mkononi, kabla hajapanda. Kazi hii haihitaji vifaa vya bei ghali. Inahitaji subira, kipimo na kuelewa jinsi mwili wa farasi ulivyoumbwa.

MGONGO NI UPINDE

Kifuani, uti wa mgongo wa farasi una pingili 18, na kiunoni aghalabu zipo sita. Mpandaji hukaa sehemu ya nyuma ya pingili za kifua, mahali ambapo hapana mguu wowote wa kuutegemeza uzito wake kutoka chini. Ni mithili ya ubao uliolazwa juu ya mawe mawili: ukiukalia katikati, hapo ndipo unapobonyea.

Mwaka wa 1946, mwanasayansi wa Uholanzi, E. J. Slijper, aliueleza mwili wa wanyama wa miguu minne kwa mfano wa upinde. Uti wa mgongo ndio ubao wa upinde, nayo misuli ya tumbo ndiyo kamba yake. Kamba inapokazwa, upinde hujikunja na mgongo huinuka. Kamba inapolegea, mgongo hubonyea. Kwa hivyo, anayetaka farasi mwenye mgongo imara sharti aanze na tumbo.

Uzito wa mpandaji huifanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004, wataalamu wa Uholanzi waliwafunga farasi tandiko lenye vyuma vya kilo 75 na kupima jinsi migongo yao ilivyosogea. Waligundua kwamba uzito huo uliufanya mgongo ubonyee zaidi ya kawaida. Mgongo ukikaa hivyo siku nenda siku rudi, mifupa inayochomoza juu ya pingili yaweza kukaribiana hadi ikagusana na kusuguana, hali inayomletea mnyama maumivu makali.

Jambo la pili linahusu mabega. Farasi hana mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kifua kwa binadamu. Kifua chake kimening'inia katikati ya mabega mawili kikishikiliwa na misuli na kano pekee, kama mtoto aliyefungwa kwa mbeleko. Anaposimama, takriban asilimia 60 ya uzito wake huwa kwenye miguu ya mbele. Mbeleko hiyo ikiwa dhaifu, kifua hushuka na miguu ya mbele hulemewa.

Jambo la tatu ni umri. Mifupa ya miguu hukomaa mapema kuliko ile ya uti wa mgongo. Farasi wa miaka mitatu anaweza kuonekana mkubwa kwa umbo, lakini pingili zake huendelea kukomaa hadi afikapo takriban miaka mitano au sita. Urefu si ushahidi wa ukomavu.

ELIMU YA KALE

Fikra ya kumwandaa farasi kutoka chini si ya juzi. Xenophon, askari na mwandishi wa Ugiriki ya kale aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kitabu kuhusu upandaji wa farasi. Humo alisifu mgongo wenye nyama pande zote mbili za uti, akisema ni laini kukalia na wa kupendeza machoni. Wakati wake, matandiko kama tuyajuayo leo hayakuwapo, hivyo mpandaji aliyekalia mgongo mkavu alijua kasoro hiyo upesi.

Karne nyingi baadaye, Mfaransa Antoine de Pluvinel, aliyekuwa mwalimu wa Mfalme Louis wa 13, aliwafunza farasi wakiwa wamefungwa kwenye nguzo kabla ya kazi ngumu ya kupandwa. Katika karne ya 18, Mfaransa mwingine, François Robichon de la Guérinière, alieneza zoezi la kumtembeza farasi bega likiwa limeelekezwa ndani kidogo, ili mguu wa nyuma uingie chini ya tumbo. Zoezi hilo lingali linafunzwa, na hufanywa hata mwalimu akiwa chini.

Huko Vienna, Austria, ipo shule mashuhuri ya farasi weupe wa aina ya Lipizzaner. Madume huanza mafunzo wakiwa na umri wa takriban miaka minne, na kazi ya kamba ndefu ni sehemu ya msingi wao. Huchukua miaka kadhaa kabla farasi hajaweza kuonyesha ustadi wake mbele ya watazamaji. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

FARASI ALIYETOKA MBIONI

Mtu anaweza kuuliza: je, farasi wa mbio si mwenye misuli tayari? Naam, anayo, lakini ni misuli ya kazi nyingine. Farasi wa mbio huanza kukimbizwa akiwa na miaka miwili au mitatu. Hufunzwa kunyoosha mwili na kusukuma kwa nguvu nyingi kwa muda wa dakika chache. Mpandaji wake ni mtu mwepesi, naye husimama kwenye vikuku, matako yakiwa hewani, uzito wake ukiwa karibu na mabega.

Mnunuzi mpya humtaka afanye kinyume. Humtaka aende polepole, apinde kona, na ambebe mtu mzito zaidi aliyeketi kitako kwa saa nzima. Isitoshe, mbio nyingi huzunguka upande mmoja, kwa hivyo farasi huja akiwa na upande wenye nguvu na mwingine dhaifu. Farasi huyo sharti aanze upya, japo anajua lijamu na hatamu.

Ni vyema kumpa kwanza wiki kadhaa za kupumzika malishoni. Katika muda huo, daktari wa mifugo amkague mgongo, miguu na meno. Meno yenye ncha kali humzuia kutafuna vizuri, na asiyetafuna hajengi misuli. Fundi wa kwato naye asawazishe kwato, kwani ukwato uliopinda huharibu mwendo wote.

Lishe ndiyo matofali ya ujenzi huu. Farasi wa kilo 450 huhitaji takriban kilo 7 hadi 9 za majani makavu kila siku, kwa mfano nyasi aina ya boma rhodes. Lusani huongeza protini inayojenga misuli, ila isitolewe peke yake. Maji safi yawepo wakati wote, pamoja na chumvi ya kulamba. Mabadiliko yoyote ya chakula yafanywe kidogo kidogo, kwani tumbo la farasi huvurugika upesi na msokoto wa tumbo unaweza kumuua.

KUTEMBEA NDIYO DAWA YA KWANZA

Wengi hudharau kutembea kwa sababu hakutoi jasho. Hata hivyo, farasi anapotembea polepole lakini kwa bidii, kila mguu hubeba uzito kwa zamu na misuli ya ndani hulazimika kufanya kazi bila kusaidiwa na kasi.

Katika wiki mbili za kwanza, mtembeze kwa mkono dakika 20 hadi 30, siku tano kwa wiki. Simama usawa wa bega lake, wala usimvute kutoka mbele. Mbadilishie upande: siku moja au nusu ya kipindi simama kushoto, nusu nyingine kulia. Msimamishe, mwache atulie, kisha mwanzishe tena. Kusimama na kuondoka kwa ishara ndogo humfanya aweke miguu ya nyuma chini ya mwili.

Anapolizoea hilo, mwombe arudi nyuma hatua tatu au nne kwa utulivu. Kichwa kisiinuke juu. Akirudi kinyumenyume akiwa ameshusha shingo, utaona tumbo likijikaza na kiuno kikijikunja. Hatua chache zilizo sahihi zina faida kuliko hatua 20 za kuburutana.

Vaa viatu vigumu, glavu na kofia ya kinga hata kama hupandi. Usijizungushie kamba mkononi kamwe. Farasi akishtuka, kamba hiyo yaweza kukata vidole au kukuburuta.

KAROTI KAMA MWALIMU

Zoezi jepesi kuliko yote hufanywa farasi akiwa amesimama bandani. Mwenye farasi hushika kipande cha karoti na kumwelekeza mnyama akifuate kwa mdomo: kwanza kidevu kiguse kifua, kisha kiende katikati ya magoti, halafu kishuke hadi karibu na kwato za mbele. Baada ya hapo humwelekeza pembeni: mbavuni, kwenye nyonga, na mwishowe chini kuelekea mguu wa nyuma. Kila pozi hudumishwa kwa sekunde chache, na pande zote mbili hupewa haki sawa.

Zoezi hili lina ushahidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State nchini Marekani, wakiwemo Narelle Stubbs na Hilary Clayton, walilijaribu kwa farasi wanane ambao hawakupewa mazoezi mengine. Kila zoezi lilirudiwa mara tano, siku tano kwa wiki, kwa miezi mitatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2011 yalionyesha kwamba misuli midogo inayoshikilia pingili za uti wa mgongo iliongezeka unene. Hiyo ndiyo misuli inayozuia pingili zisiyumbe mpandaji anapokuwa juu.

Tahadhari ni kwamba farasi asivutwe kwa nguvu. Aende hadi pale anapoweza mwenyewe. Akisogeza miguu ili kukwepa, umemtaka mengi kupita uwezo wake wa siku hiyo.

MITI NA MITEREMKO

Kuanzia wiki ya tatu, laza chini miti minne au mitano iliyonyooka. Kwa mwendo wa kutembea, nafasi kati ya mti na mti iwe takriban sentimita 80 hadi 90, kisha irekebishwe kulingana na hatua za farasi mwenyewe. Kila anapouvuka mti hulazimika kuinua mguu, kukunja viungo na kukaza tumbo. Baadaye, anapoweza kuvuka kwa mwendo wa mchakamchaka, nafasi hiyo iongezwe hadi mita 1.2 au 1.4.

Miteremko ni shule nyingine, nasi wakazi wa nyanda za juu hatuna uhaba wa vilima. Akipanda, misuli ya mapaja na matako husukuma. Akishuka polepole, tumbo na mbeleko ya kifua hufanya kazi ya kumzuia asiporomoke. Anza na kilima kidogo na mizunguko miwili au mitatu. Asiruhusiwe kupanda kwa mbio, kwa sababu kasi humsaidia kukwepa kazi iliyokusudiwa.

Kona nazo zifunzwe mapema. Mtembeze katika duara pana, kisha umwombe avushe mguu wa nyuma wa ndani mbele ya mwenzake kwa hatua mbili tatu. Hapo nyonga hufunguka na ule upande dhaifu huanza kuamka.

KAMBA NDEFU

Kumzungusha farasi kwa kamba ndefu ni zoezi zuri linalotumiwa vibaya. Wengine humkimbiza katika duara dogo hadi achoke, wakidhani wanamtoa ukali. Duara dogo huviumiza viungo, na mnyama aliyechoka hujifunza kuegemea ndani kama pikipiki kwenye kona.

Duara liwe na upana wa mita 18 hadi 20, kwenye ardhi isiyoteleza wala kuwa na mawe. Kuanzia wiki ya tano, mzungushe dakika 10 hadi 20, mara mbili au tatu kwa wiki, na siku nyingine uendelee na kutembea. Mbadilishie upande kila dakika chache. Changanya kutembea na mchakamchaka, kwani kubadilisha mwendo hujenga zaidi kuliko kwenda mwendo mmoja kwa muda mrefu.

Usimfunge kichwa kifuani ili aonekane amejikunja. Shingo iliyofungwa si mgongo ulioinuka. Farasi ashushe shingo mwenyewe, anyooshe pua mbele na chini, huku miguu ya nyuma ikitembea kwa bidii. Akifanya hivyo, mgongo huinuka wenyewe.

Kuanzia wiki ya tisa, anaweza kuendeshwa kutoka nyuma kwa kamba mbili, moja kila upande, kama avutaye mkokoteni usiokuwapo. Hapo hujifunza kutangulia peke yake, kupinda na kusimama bila uzito mgongoni. Katika kipindi hicho aanze kuzoea tandiko tupu, mkanda ukikazwa tundu moja moja.

DALILI ZA MAENDELEO

Mpige picha kila baada ya wiki nne akiwa amesimama sawasawa mahali pamoja, kutoka upande na kutoka nyuma. Macho yanayomwona kila siku hayatambui mabadiliko.

Maendeleo huonekana pale shimo lililo nyuma ya bega linapojaa, uti unapoacha kuchomoza kama ukingo wa paa, na tumbo linapopanda. Mwendoni, ukwato wa nyuma hukanyaga alama ya ule wa mbele au kuipita. Mkia huyumba taratibu, na farasi hupumua kwa kukoroma kidogo, ishara ya utulivu.

Dalili mbaya ni masikio kulazwa nyuma, kusaga meno, mkia kukazwa, kuburuta ncha za kwato za nyuma, na misuli kuvimba upande wa chini wa shingo. Ukiziona hizo, punguza kazi na umwite daktari zikiendelea. Aidha, usichanganye mafuta na misuli. Mafuta hulegea ukiyabonyeza na hukusanyika juu ya shingo na mbavuni. Msuli ni mgumu kiasi na hukaa sawa pande zote mbili.

Siku za mapumziko zisifutwe. Msuli hukua unapopumzika baada ya kazi. Vilevile, misuli huonyesha mabadiliko katika muda wa wiki kadhaa, ilhali kano na mifupa huhitaji miezi. Farasi anayeonekana tayari nje huenda bado hajawa tayari ndani, na hapo ndipo watu wengi huponzwa na haraka.

SIKU YA KUPANDWA

Ratiba ya wiki 12 ni kielelezo tu. Farasi mchanga au aliyekuwa mgonjwa atahitaji zaidi. Siku ya kwanza, mpandaji awe mwepesi na mzoefu, na akae dakika 10 pekee kwa mwendo wa kutembea. Muda uongezwe wiki baada ya wiki, na mazoezi ya chini yasiachwe.

Uzito nao una mpaka. Watafiti katika jimbo la Ohio, Marekani, waliwapima farasi wanane waliobeba mizigo ya asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wao. Matokeo ya mwaka wa 2008 yalionyesha kuwa misuli iliuma na kukakamaa zaidi mzigo ulipofika asilimia 25 na 30. Kwa farasi wa kilo 450, asilimia 20 ni kilo 90, tandiko likihesabiwa. Tandiko likiwa na kilo 8, mpandaji asizidi kilo 82, na kwa mgongo ambao haujakomaa, apungue zaidi.

Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inaharamisha kumpanda mnyama kupita kiasi na kumtwika mzigo unaomzidi. Lakini askari hawezi kusimama katika kila banda. Anayejua iwapo farasi yuko tayari ni yule anayemshika kamba kila asubuhi, akampapasa mgongo kwa kiganja kabla ya kuchukua tandiko. Mgongo ukijikunyata chini ya kiganja hicho, basi tandiko lirudishwe ukutani, na siku hiyo wawili hao watembee bega kwa bega.